Msimu Ambao Bibi Aliacha Tambuu

Juzi, katika boti iendayo Mtangawanda, gati ya kisiwani kwetu, kijana aliyekaa karibu na mashine alifungulia redio ya simu yake. Mtangazaji alikuwa amepasua sauti akisema ligi ya taifa imefika siku yake ya mwisho na bingwa ameshakabidhiwa kombe. Hakuna aliyemsikiliza. Akina mama walikuwa wamekumbatia mafurushi yao yasirowe, na vijana wawili wenye jezi za timu za Ulaya walikuwa wakibishana juu ya mchezaji ambaye hata mmoja wao hatamwona kwa macho yake. Mimi peke yangu niliinua kichwa, nikasikiliza mpaka maneno yakapotea kwenye kelele za mashine. Kisha nikachoka. Uchovu huo nimeuzoea. Hunijia kila mwaka ligi inapomalizika salama na watu wakaenda zao.

Wewe unayenisoma huenda hukuwahi kuijali ligi yetu ya nyumbani, na sikulaumu. Lakini kaa nami kidogo. Nataka kukusimulia msimu mmoja ambao haukufika mwisho, ule wa mwaka wa ugonjwa, nilipokuwa darasa la saba nikiishi kwa bibi yangu, kijijini Mbwajumali. Utasema miaka yenyewe si mingi kiasi cha mtu kuikumbuka kwa kuguna. Ni kweli. Ila vitu vilivyoondoka tangu siku zile ni vingi kuliko miaka.

Nyumba ya bibi ilikuwa mwisho wa kijiji, upande wa mashamba, kuta za mawe na udongo na paa la makuti lililovuja pembe moja tu, pembe ambayo sote tuliijua na kuikwepa. Kazi zangu zilikuwa za kila mtoto wa kike wa hapo: kuteka maji jabiani, lile birika kubwa la kukingia mvua, kukuna nazi, kuanika samaki na kuwalinda na paka, kufagia ukumbi kabla ya alasiri. Ukumbi ulifagiwa kabla ya alasiri kwa sababu baada ya swala hiyo jirani alikuja.

Jirani alikuwa mjane wa makamo ya bibi, mwenye kicheko kilichotangulia miguu yake. Alikuja na mkeka wake mwenyewe, akidai wetu una kunguni, neno alilolisema miaka yote niliyomjua na ambalo bibi hakuacha kulikasirikia hata siku moja. Wakishakaa, bibi alifungua kijamanda, kikapu kidogo cha ukili chenye kifuniko, kilichobeba mambo yote ya tambuu: majani yaliyofungwa kwa kitambaa kibichi, popoo, kikopo cha chokaa, karafuu, na mkasi wa kukatia popoo ambao mpini wake ulikuwa umelika mahali pa kidole gumba. Mlio wa mkasi huo ndio uliokuwa saa yetu. Ukiusikia, iwe kiangazi au masika, ujue alasiri imeingia.

Kwetu mtu hakujikunjia tambuu mwenyewe. Alimkunjia mwenzake, na mwenzake akamkunjia yeye. Ukimkunjia mtu tambuu, umemwambia kwamba moyoni mwako hamna kinyongo naye. Bibi na jirani waligombana kila juma na kusameheana kila alasiri, wala sikuwahi kumsikia mmoja wao akitamka neno samahani.

Mjomba, ndugu ya mama yangu, alikuwa kitindamimba wa bibi. Mikono yake ilikuwa mikubwa kupita umri wake tangu utotoni. Aliianza kazi yake ya udakaji pale gatini Mtangawanda, akipokea matikiti yaliyorushwa kutoka botini, na wanasema tangu awe na miaka kumi halikumponyoka tikiti hata moja. Mtu wa bara aliyekuja kufundisha shule ya sekondari akamwona, akamwandikia barua, na mjomba akaondoka kwenda kuwa kipa katika timu ya kampuni moja huko bara. Alikwenda kijana, akakaa benchi. Alikaa benchi miaka mingi mno, mpaka watu wa kijijini wakaacha kumuuliza bibi habari za mpira wakamuuliza habari za mwanawe tu, kama anavyoulizwa mtu mwenye mgonjwa ndani.

Halafu msimu huo, kipa wa kwanza akahamia nchi ya nje na mjomba akapewa lango. Timu yenyewe ilikuwa taabani. Ilikuwa ya pili kutoka chini, na kampuni ilikuwa imesema wazi: mkishuka daraja, timu inavunjwa, mkibaki, kila mtu atapewa mkataba mpya. Mjomba alikuwa ameshapita thelathini. Kipa wa umri ule asiyekuwa na jina hana timu nyingine itakayomngojea. Hilo alimwambia mama yake kwa simu, nami nililisikia kwa sababu simu ya bibi ilikuwa na kipaza sauti kilichoharibika kikawa hakizimiki.

Siku hiyo walikuwa wamefungwa mabao matatu. Bibi aliweka simu juu ya mkeka, akafunga kijamanda kabla jirani hajapata tambuu yake, akasema kwa sauti ile anayosemea kwenye swala:

"Naweka nadhiri. Sitii tambuu kanwani mpaka ligi ishe, na mwanangu awe bado yuko langoni."

Jirani alikitazama kijamanda kilichofungwa. "Mwenzangu," alisema, "watu huweka nadhiri ya kufunga saumu, au ya kutinda mbuzi. Yako wewe ni ya kunitia upweke mimi."

Bibi hakucheka. Alikuwa mlaji wa tambuu tangu aolewe. Midomo yake ilikuwa na wekundu ambao mimi nilidhani alizaliwa nao.

Mwalimu wetu wa madrasa alipopata habari alitikisa kichwa mbele yetu sote. Alisema wazee wa zamani walifunza kwamba nadhiri hufungwa kwa jua na mwezi: mpaka mwezi uandame, mpaka mtoto atimize arubaini, mpaka mwaka uzunguke. Haifungwi kwa mambo yaliyo mikononi mwa watu, kwa maana jua halina mahali pa kwenda lakini watu huinuka wakaacha jambo katikati. Maneno hayo niliyapeleka nyumbani kama yalivyo. Bibi alinijibu kwamba mwalimu ni mtu mwema lakini hajazaa kipa.

Basi tukaingia katika maisha ya ligi. Bibi alikuwa akisoma vizuri, lakini herufi za Kiarabu tu, kama wanawake wengi wa rika lake; barua zao zote za ujanani, hata za mapenzi, waliandikiana Kiswahili kwa herufi hizo. Herufi za shule hazikumwambia kitu. Kwa hivyo ujumbe wa mjomba nilimsomea mimi, na kila Jumapili niliandika msimamo wa ligi kwa mkaa kwenye ukuta wa ukumbi, kutoka kulia kwenda kushoto, majina ya timu za bara yakijipinda kwa herufi za madrasa, na tarakimu zake hizo hizo za msahafu. Bibi alisimama mbele ya ukuta akaufuata kwa kidole mpaka akaifikia timu ya mwanawe, huko chini karibu na sakafu, ambako ilimbidi achutame. Jirani alisema mtoto wa watu atazeesha magoti ya mama yake asipopanda juu.

Jumamosi ikawa siku yenye umbo lake. Maji yalitekwa mapema. Samaki wa kupaka alipikwa kabla ya adhuhuri, asubuhi nzima ikinuka nazi na ndimu na moshi wa makumbi. Saa tisa hakuna aliyezungumza kwa sauti. Redio ya jirani ilitangaza mechi za timu kubwa tu, lakini mara moja moja mtangazaji alitaja matokeo ya viwanja vingine, na kwa neno hilo moja sisi watatu tuliketi saa mbili tukisikiliza habari za watu wasiotuhusu. Kisha mjomba alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na pumzi nzito, na nyuma yake maji ya bafu yalimwagika na wanaume walicheka au walinyamaza. Kwa kicheko au kimya hicho tulijua matokeo kabla hajasema.

Bibi aliteseka, sitakuficha. Wiki za kwanza kichwa kilimuuma, akawa mkali, akatupia kuku kiatu. Alinyonya karafuu tupu, akatafuna hiliki. Midomo yake ilipauka, nikauona uso mwingine nyuma ya ule niliouzoea, uso wa mtu mzee. Jirani aliendelea kuja na kijamanda chake mwenyewe, akaketi upande wa pili wa ukumbi ili harufu isimfikie mwenzake. Lakini hakuwa na wa kumkunjia, na yeye mwenyewe alijikunjia kwa aibu, amegeuza mgongo, kama anayekula mchana wa Ramadhani.

Na timu ikaanza kupanda. Walitoka sare, wakashinda, wakashinda tena. Mjomba alidaka penalti, habari ambayo bibi aliniamuru niisome mara nne, na mara ya nne jirani naye alikuwa anaisema pamoja nami kwa moyo. Kwenye ukuta wangu timu ilipanda nafasi tatu. Bibi hakuchutama tena, aliinama tu. Mechi zilizosalia zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na jirani alishaanza kuulizia nani ataleta majani mazuri ya tambuu siku ya mwisho, maana, alisema, siku hiyo atatafuna mpaka Mtangawanda wasikie.

Ugonjwa ulipoingia, sisi tulidhani ni mambo ya ndege na viwanja vya ndege. Siku chache baadaye shule ikafungwa, madrasa ikafungwa, gatini Mtangawanda pakawekwa pipa la maji na sabuni na mtu wa kutuhesabu. Ligi ikasimamishwa. Niliposoma ujumbe huo nilimwambia bibi kwamba imesimama, na yeye akasema basi kitu kilichosimama kitakwenda. Ukuta haukubadilika tena. Jumapili zilipita na mkaa ukabaki vile vile.

Ramadhani ilikuja na misikiti imefungwa. Sijaona Ramadhani ya kimya kama ile. Ni katika siku zake za kwanza ndipo mjomba aliponiandikia, naye alijua kwamba msomaji ni mimi. Ligi imefutwa kabisa, aliandika. Kombe wamepewa waliokuwa juu. Kampuni nayo imevunja timu, haingoji tena kushuka wala kubaki. Usimwambie mama, nitakuja mwenyewe nimwambie.

Niliusoma ujumbe huo nimesimama jabiani, ndoo ikiwa imejaa. Nilikaa pale mpaka mtu wa nyuma yangu akauliza kama nimeota mizizi.

Ikawa kila magharibi tunafungua kwa tende na uji wa pilipili manga, tunakula muhogo wa nazi na mkate wa kumimina, na baada ya chakula, saa ile ambayo roho ya mlaji wa tambuu humtoka kwa hamu, mkono wa bibi ulijinyoosha wenyewe mpaka mahali kijamanda kilipokuwa zamani. Ulikuta mkeka. Kisha aliniuliza, "Ligi yasemaje?"

"Imesimama tu, bibi."

Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilijua kwa hakika, kama watoto wanavyojua mambo, kwamba neno langu moja lingeweza kumrudishia bibi starehe yake. Ligi haipo, nadhiri haipo, tafuna. Nililibeba neno hilo siku ishirini na kitu. Nilikuwa nimefunga, ninasema uongo, na ninayemdanganya ni yule anayeniamsha daku kwa kunipapasa kichwa. Sijui kama umewahi kuchoka ukiwa mtoto. Si uchovu wa kuchota maji. Uchovu wa maji hulala nao, ukaamka umekwisha.

Mjomba alifika wiki moja baada ya Idi, kwa boti ya mizigo, na begi moja na glavu zimefungwa kwa kamba nje ya begi kwa kuwa ndani hazikuingia. Alikaa mbele ya mama yake na kumwambia yote. Akasema pia kwamba yeye ndiye aliyenikataza kusema. Bibi alinigeukia.

"Kwa hivyo saumu nzima," alisema polepole, "hukuniambia kweli na mwenyewe umefunga."

Yeye hakurudia maneno hayo tena, na kwa kutoyarudia aliniadhibu kuliko fimbo. Kisha akamwambia mwanawe kile ambacho hakuna kati yetu aliyekitarajia. Ligi, alisema, imefutwa na waliofuta. Yeye hakuweka nadhiri mpaka waifute. Aliweka mpaka iishe, na mwanawe yuko langoni. Basi itarudi, na atarudi, na yeye atangoja.

Jirani ndiye aliyekwenda kumwita mwalimu. Alikuja amefunika pua, akakaa mbali, akaeleza kwa upole kwamba nadhiri ya kuacha kitu cha halali haimfungi mtu hata hivyo. Na moyo wake usipotulia, atoe kafara ya kiapo, alishe maskini kumi au afunge siku tatu, kisha atafune tambuu yake kwa raha ya Mola.

"Kafara ni ya alovunda nadhiri," bibi alimjibu. "Mimi sivundi."

Ndipo mjomba alipofunika uso kwa ile mikono yake mikubwa, na nikaelewa jambo ambalo nilikuwa sijalielewa. Ile nadhiri haikuwa ya tambuu. Maadamu mama yake hatafuni, yeye hana ruhusa ya kuwa amemaliza. Kila alipomtazama mama yake usoni, aliona midomo mikavu ikimwambia arudi.

Miezi ikapita hivyo. Bibi alimwamsha baada ya alfajiri akakimbie njia ya Mtangawanda na kurudi, naye alikimbia, mwanzo kwa kasi, kisha polepole, kisha alitoka tu mpaka nje ya kijiji akakaa kwenye jiwe akasubiri muda upite. Najua kwa sababu nilimkuta, nami nilikuwa nimeshajifunza kunyamaza. Wanaume barazani walimuuliza, "Kipa, warudi lini?" na yeye alijibu, "Karibuni." Goti lake lilikuwa limevimba. Hakumwambia mama yake, alilifunga kitambaa chini ya kikoi. Alianza kubeba mawe ya ujenzi kwa watu, akasema ni mazoezi. Nadhani hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu mzima akiwa hana mahali pa kukaa ndani ya nyumba yao.

Msimu mpya wa ligi ulianza, timu ya mjomba haimo. Bibi alinitaka niandike ukutani na mimi nikasema mkaa umekwisha. Jirani hakuja tena na kijamanda. Alikuja mikono mitupu, wakakaa wawili hao kama wageni waliokutana hospitali.

Mwishoni kocha mmoja aliyemjua mjomba zamani akapiga simu. Alikuwa na timu ya daraja la chini huko bara, anataka makipa wa kujaribu, hana ahadi yoyote, mtu aje na malazi yake. Bibi alilisikia neno moja tu, aje. Alimfungia achari ya maembe, samaki wakavu, na kikoi kipya ambacho sijui alikitoa wapi. Uso wake ulirudi ujana. Mjomba aliusikiliza mpango wote, akasema ndiyo mama, ndiyo mama, na asubuhi ya safari akamwamkia, akambusu mkono, akaondoka na begi lake kwa miguu kuelekea Mtangawanda.

Alirudi kabla ya alasiri. Nilikuwa nafagia. Nilidhani amesahau kitu, kisha nikaona jinsi alivyoshika begi, kama mtu aliyefika. Mkono wa pili ulikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Bibi alikuwa ukumbini, na jirani alikuwa ameshakuja.

Mjomba hakusalimu. Alikwenda chumbani akatoka na kijamanda cha mama yake, kilichokuwa juu ya kabati zaidi ya mwaka, akapangusa vumbi kwa shati lake. Akaketi mkekani. Kifurushi kilikuwa na majani mabichi ya tambuu aliyoyanunua kwa mwanamke mmoja pale gatini. Chokaa kikoponi ilikuwa imekauka, akaiamsha kwa maji. Popoo moja ilikuwa bado nzima. Akaichukua na kuanza kuikata, na ule mlio wa mkasi ukasikika ndani ya nyumba, na mimi nikaacha kufagia.

"Boti umeikosa," bibi alisema.

"Sikuikosa. Nilisimama nikaitazama ikienda."

"Basi kesho iko nyingine."

"Mama, ligi imekwisha."

"Nani kaimaliza?"

"Mimi."

Alipaka chokaa, akatia popoo, akaweka karafuu, akakunja. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikunja tambuu, na aliikunja vibaya, nene upande mmoja. Akainyoosha kwa mama yake kwa mkono wa kulia. Bibi hakuipokea. Macho yake yalikuwa kwenye goti la mwanawe, ambalo kikoi kilikuwa kimelifunua alipokaa, na kile kitambaa. Sijui kama alikuwa akiliona kwa mara ya kwanza au ndiyo mara ya kwanza aliyokubali kuliona.

"Wataka nitafune," alimuuliza, "au wataka ninyamae?"

"Nataka upumzike, mama. Hupumziki wewe, na mimi sipati kupumzika."

Jirani, ambaye nilimjua kuwa na neno la kila jambo, alitazama mikono yake. Nje mtoto wa watu alikuwa akiita mbuzi. Mjomba hakuushusha mkono wake, mmoja wa ile mikono iliyodaka penalti.

Bibi aliipokea. Aliitia kinywani, akafunga macho, akaanza kutafuna. Chokaa ikamchoma, maana fizi zake zilikuwa zimeisahau, na machozi yakamtoka. Alitafuna muda mrefu. Kisha akasema, "Chokaa umetia nyingi."

Akavuta kijamanda upande wake, akakata popoo kwa mikono iliyokuwa haijapoteza kitu, akakunja tambuu ndogo nadhifu, akampa mjomba. Mjomba alikuwa hajawahi kutafuna maishani mwake. Makocha wao hawakutaka. Aliitia mdomoni akaitafuna pale pale, huku akikunja uso. Baada yake bibi akamkunjia jirani. Halafu, bila kuniangalia, akakunja nyingine ndogo zaidi, haina chokaa wala popoo, jani na karafuu tu, akaiweka kwenye kiganja changu, nami nikajua kwamba lile neno la saumu limekwisha kati yetu.

Bibi alikula tambuu kila siku baada ya hapo, mpaka alipofariki. Watu walipojaa ukumbini siku za matanga, waliegemea ule ukuta wakaondoka na mkaa migongoni, timu za bara zikaenda nyumba kwa nyumba Mbwajumali, na siku ya tatu ukuta ulikuwa mtupu. Jirani alichukuliwa na binti yake kwenda Amu mjini, ambako nasikia hatafuni tena kwa kuwa wajukuu wanamwambia meno yake yanawatisha. Mwalimu amezeeka. Wasichana wa kijijini hawajui kuandika Kiswahili kwa zile herufi. Wanazijua za kusomea msahafu tu. Na Jumamosi ni siku kama siku nyingine. Maji hutekwa wakati wowote, kwenye bomba.

Mimi nasoma Mombasa sasa, na nikienda nyumbani ni mjomba anayenipokea. Anaendesha bodaboda kati ya Mtangawanda na vijiji vya ndani. Ameoa, amenenepa, meno yake mekundu. Juzi nilipoteremka kwenye ile boti, nilipanda nyuma yake na mzigo wangu, na katikati ya njia, penye mchanga, ambapo inabidi mtu ashuke pikipiki isukumwe, nilimuuliza kama anaukumbuka mpira.

Alisukuma hatua kadhaa kabla ya kujibu. Alisema mpira haumjii hata ndotoni. Uwanja umemtoka, majina ya wenzake yanamtoka, hata ile penalti anaijua kwa kuwa watu humsimulia.

"Nakumbuka kungojewa," alisema. "Hilo tu. Kwamba nilikuwa mbali kule, na hapa nyumbani kuna mtu amejinyima kitu kwa ajili yangu, anangoja."

Tulifika penye ardhi ngumu. Alipanda, akaniambia nishike vizuri, na tukaenda mpaka kijijini.